Zebaki ya mtambo wa makaa ya mawe: tazama sahani kabla ya dirisha

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina ujauzito wa miezi minne. Nyumba yetu iko kama kilomita sita kutoka mtambo wa umeme unaotumia makaa ya mawe, na mume wangu ni kibarua palepale, upande wa majivu. Juzi nimetumiwa kwenye simu picha za watoto waliopinda viungo, maandishi yakisema wameharibiwa na zebaki ya makaa ya mawe. Tangu siku hiyo nafunga madirisha mchana kutwa, nachemsha maji ya kisima mara mbili, na jirani ananihimiza ninywe dawa ya kusafisha sumu mwilini. Chakula chetu ni kizuri, samaki tunakula karibu kila siku, tena wakubwa kwa sababu watoto wanaogopa miiba. Je, tuhame?

Jibu: Marahaba, dada, na hongera kwa ujauzito. Barua yako imejaa hofu, lakini kilichonishtua mimi ni ile sentensi uliyoiandika kama ya kupitia tu, kwamba samaki mnakula karibu kila siku na mnachagua wakubwa. Madirisha, kisima, majivu na kuhama nitavifikia. Ila ujue mapema kwamba zebaki ya makaa ya mawe humfikia mama mjamzito kwa sahani kuliko kwa pua, na tofauti yenyewe si ndogo. Nitakupigia hesabu.

Kwanza ile dawa ya jirani: usiinywe. Dawa za kweli za kuvuta zebaki mwilini zipo, lakini hutolewa hospitalini kwa mtu aliyepimwa akakutwa na sumu, na hata hizo haziurudishi ubongo ulioharibika. Kinachouzwa kwenye chupa bila kipimo hakina kazi kwenye mimba yako.

Tuje kwenye makaa. Makaa ya mawe ni mimea ya kale iliyozikwa na kugandamizwa ardhini, na humo mna chembe za madini mengi, zebaki ikiwemo. Kiasi chake ni kama gramu 0.1 kwa kila tani, kikipanda na kushuka kutoka mgodi mmoja hadi mwingine. Ukisikia hivyo utasema si kitu. Basi chukua mtambo unaochoma tani 5,000 kwa siku: ndani ya makaa hayo mna nusu kilo ya zebaki. Zebaki ni nzito mara 13.5 kuliko maji, kwa hiyo nusu kilo hiyo haijazi kikombe kidogo cha kahawa. Kwa mwaka zinakuwa kilo 180 na kitu. Ungezikusanya zote kwenye ndoo ya lita 20, zingefika theluthi mbili ya ndoo, na wanaume wawili wangetoka jasho kuinyanyua.

Ndani ya tanuri joto hupita nyuzi 1,300 za Selsiasi, na zebaki huchemka kwa nyuzi 357. Haibaki chini, karibu yote hupaa pamoja na moshi. Moshi unapopoa njiani kuelekea bombani, zebaki hujigawa. Sehemu moja hugandamana na chembe za majivu, na hiyo hunaswa kirahisi na vichujio vya vumbi. Sehemu nyingine huungana na klorini iliyokuwemo kwenye makaa; hii huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ikiponyoka bombani hushushwa na mvua, mara nyingi si mbali na mtambo. Huko Steubenville, jimbo la Ohio, Marekani, watafiti waliokinga maji ya mvua walikadiria kuwa takriban asilimia 70 ya zebaki iliyokuwemo ilitokana na uchomaji wa makaa ya mawe. Sehemu ya mwisho hubaki zebaki tupu katika hali ya gesi. Hiyo maji hayaikamati, nayo huweza kuzunguka angani miezi kadhaa hadi kufikia mwaka, ikishuka bara lolote. Ndiyo maana maziwa ya kaskazini kabisa ya dunia, ambako hakuna bomba la moshi kwa mamia ya kilomita, nayo yana samaki wenye zebaki.

Usidhani pia kwamba makaa ya mawe ndiyo mkosaji peke yake. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikadiria kuwa mwaka 2015 shughuli za binadamu zilipeleka hewani tani 2,220 za zebaki. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ulichukua asilimia 38, na uchomaji wa makaa ya mawe, ukijumlisha mitambo ya umeme, viwanda na majumba, ulikuwa wa pili kwa asilimia 21.

Sasa ile hesabu. Hewa ya kawaida ina nanogramu moja hadi mbili za zebaki kwa kila mita ya ujazo, na nanogramu ni gramu iliyogawanywa kwa bilioni. Tuseme kwako ziko 10. Naziongeza kwa makusudi ili nisije nikaonekana naitetea hewa. Mtu mzima huvuta kama mita 20 za ujazo kwa siku. Hizo ni nanogramu 200, yaani mikrogramu 0.2, na mikrogramu ni gramu iliyogawanywa kwa milioni. Halafu tazama kipande cha gramu 150 cha papa au nduaro. Samaki wa aina hiyo si ajabu kuwa na miligramu moja ya zebaki kwa kilo ya nyama, kwa hiyo kipande chako kina mikrogramu 150. Ili uvute kiasi hicho kwa pua ungehitaji siku 750 za kupumua hewa ile mbaya niliyoibuni, usiku na mchana. Sahani moja, miaka miwili.

Tena zebaki ya kwenye samaki si ileile iliyotoka bombani. Iliyotoka bombani ikizama kwenye tope la ziwa, kinamasi au bahari, mahali pasipo na oksijeni, hukutana na bakteria wanaoigeuza kuwa zebaki ya methili, aina inayojikusanya kwenye nyama ya viumbe. Mwaka 2013 wanasayansi walizitambua jeni mbili zinazowapa bakteria uwezo huo. Na hapa kuna jambo ambalo hunikera kila nikilieleza: baadhi ya bakteria hao hutumia salfeti, chumvi yenye salfa, badala ya oksijeni, na salfeti hiyo huongezwa na salfa ya moshi uleule wa makaa ya mawe. Bomba moja huleta sumu na kuwalisha wanaoikoleza.

Zebaki ya methili huingia kwenye mwani, wadudu wadogo wa majini hula mwani, samaki wadogo hula wadudu, wakubwa hula wadogo. Kila mlaji hubaki na karibu yote aliyoyakuta kwa aliyeliwa, kwa sababu mwili huitoa polepole sana. Kufika kwa samaki mzee anayewinda wenzake, kiwango kinaweza kuwa mara milioni moja au zaidi ya kile cha maji anamoogelea. Ndiyo maana maji ya ziwa yanaweza kupimwa yakaonekana safi, na samaki wa ziwa hilohilo asiwe wa kuliwa na mjamzito kila siku.

Kuna jaribio moja la Kanada ninalolipenda. Watafiti walichukua ziwa dogo huko Ontario, wakalitia zebaki yenye alama ya kiatomu, ili waweze kuitofautisha na zebaki iliyokuwemo tangu zamani. Wakaitia kwa miaka saba, kuanzia 2001, halafu wakaacha na kuendelea kupima. Zebaki ile ilionekana kwa samaki upesi. Lakini ilipoachwa kutiwa, ilianza pia kupungua upesi: miaka minane baadaye, kiasi cha zebaki hiyo kilikuwa kimeshuka kwa asilimia kati ya 38 na 76 kwa samaki wakubwa, kutegemea aina ya samaki. Kwa hiyo anayekwambia kufunga vichujio mtamboni ni kazi bure kwa sababu zebaki imeshajaa duniani, mwambie kuna ziwa lililomjibu.

Ndani ya mwili wako, zebaki ya methili iliyo kwenye samaki hunyonywa karibu yote tumboni. Hujishikiza kwenye asidi ya amino iitwayo sisteini, na umbo la pamoja linafanana na methionini, kirutubisho ambacho ubongo na kondo la nyuma hukifungulia mlango kila siku. Mlinzi anaona sare anayoijua, anafungua. Upande wa pili hali ni mbaya zaidi kuliko kwako: damu ya kitovu cha mtoto hukutwa na zebaki mara 1.7 hivi ya damu ya mama. Na ubongo wake ndio kwanza unajengwa, seli zinahama kutoka mahali zilipozaliwa kwenda mahali zitakapoishi. Zebaki huivuruga safari hiyo.

Hapo ndipo tunafika kwenye picha uliyotumiwa. Sijaiona, lakini picha za namna hiyo zinazozunguka kwa kawaida ni za Minamata, Japani, na Minamata haikuwa habari ya makaa ya mawe. Kiwanda cha kemikali cha Chisso kilimwaga zebaki ya methili moja kwa moja kwenye ghuba ambamo watu walivua. Ugonjwa uliripotiwa rasmi tarehe 1 Mei 1956, na kiwanda kiliendelea na utengenezaji uleule hadi 1968. Kipimo walichokula watu wale ni kikubwa mno kuliko cha familia inayoishi karibu na mtambo wa umeme. Somo lake kwako ni moja tu, nalo ni zito: kulikuwa na akina mama ambao wenyewe walionekana wazima, au walilalamika ganzi kidogo tu, wakajifungua watoto walioumia vibaya. Mimba ilipokea kilichopaswa kumuumiza mama. Kwa hiyo usijipime kwa jinsi unavyojisikia.

Kwa viwango vidogo, madhara hayaonekani kwenye picha. Visiwani Faroe, kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, walifuatiliwa watoto zaidi ya 900 ambao mama zao walikula nyama ya nyangumi yenye zebaki. Walipofikisha miaka saba, wale waliozaliwa na zebaki nyingi zaidi walikuwa nyuma kidogo katika lugha, umakini na kumbukumbu. Mtoto mmoja mmoja usingemtambua. Tofauti huonekana ukiwapima mamia. Ila Shelisheli, ambako akina mama walikuwa wakila samaki mara kama 12 kwa wiki, watafiti hawakuona madhara ya kueleweka ya namna hiyo. Watu hubishana sana juu ya tafiti hizi mbili. Mimi huzisoma pamoja: nyangumi wa Faroe walikuwa na zebaki nyingi pamoja na sumu nyingine za viwandani, na samaki wa Shelisheli walikuwa na zebaki ya wastani pamoja na mafuta ya omega-3, ambayo ubongo wa mtoto unayahitaji. Samaki ana dawa na sumu kwenye mnofu mmoja. Kazi yako ni kuchagua yule ambaye dawa yake imezidi.

Kwa hiyo usiache samaki. Nasema hivi kwa msisitizo, maana nimeshakutana na wajawazito waliotishwa wakaacha kabisa, wakabaki na wanga mtupu. Badilisha samaki. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linaweka kipimo cha juu cha mikrogramu 0.1 za zebaki ya methili kwa kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Ukiwa na kilo 60, hizo ni mikrogramu 42 kwa wiki. Kamati ya wataalamu ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) ina mkono mlegevu zaidi: mikrogramu 1.6 kwa kilo kwa wiki, yaani 96 kwako. Kile kipande cha papa cha mikrogramu 150 kinavuka vyote viwili kwa mlo mmoja. Lakini gramu 150 za dagaa au samaki wadogo wa jamii ya sadini, wenye miligramu kama 0.03 kwa kilo, zina mikrogramu 4.5 tu. Unaweza kula mara mbili kwa wiki bila wasiwasi, na ndicho kiasi ambacho Wamarekani huwashauri wajawazito: kati ya gramu 227 na 340 kwa wiki za samaki wenye zebaki kidogo. Papa, nduaro na jodari wakubwa waache hadi umalize kunyonyesha. Samaki wa ziwa au bwawa la karibu na mtambo wafuate kanuni ileile: mdogo asiyekula wenzake ni bora kuliko jitu la kilo nane lililozeekea majini.

Usijidanganye na mapishi. Zebaki ya methili imeshikana na protini ya nyama yenyewe, haimo kwenye ngozi wala mafuta, kwa hiyo kumchuna samaki, kumkaanga, kumkausha au kumwaga supu hakuiondoi.

Habari njema ni kwamba umeuliza mapema. Nusu ya zebaki ya methili iliyo kwenye damu hutoka kila baada ya siku 50 hivi. Una kama siku 150 kabla ya kujifungua, yaani kiasi hicho kitapungua kwa nusu mara tatu. Ukibadilisha samaki leo, ulichobeba sasa kitakuwa kimebaki kama moja ya nane tu, na miezi ya mwisho ndiyo ubongo wa mtoto unapokua kwa kasi kubwa.

Ukitaka kujua umebeba kiasi gani, omba kliniki wakuelekeze maabara inayopima nywele. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi na hutunza kumbukumbu: sentimita nne za karibu na ngozi, zikikatwa kisogoni, zinasimulia mimba yako tangu mwanzo. Kiwango kinachoendana na kile kipimo cha EPA ni kama mikrogramu moja kwa gramu ya nywele. Ukikuta mbili au tatu, usipige mayowe. Badilisha samaki na upime tena. Dalili kwa watu wazima, ganzi ya vidole na midomo, zilianza kuonekana kwa waliofikia 50 na kuendelea. Ukikuta zaidi ya 10, muone daktari wako wiki hiyohiyo.

Mumeo sasa. Vichujio vinapofanya kazi vizuri, zebaki haitoweki, huhamia kwenye majivu. Kwenye majivu hayohayo kuna aseniki, risasi na vumbi la silika, na kwa mapafu ya kibarua hayo ndiyo ya kuogopwa kwanza. Avae barakoa ya vumbi laini inayobana uso, si kitambaa. Abadilishe nguo na kuoga kabla ya kurudi nyumbani, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Wewe usizikung'ute.

Kisima nacho, zebaki si tatizo lake la kawaida. Kama kiko karibu na bwawa la majivu, kipimwe aseniki, seleniamu na boroni. Kuchemsha hakusaidii chochote hapo: maji hupungua kwa mvuke, madini hubaki, na ukichemsha mara mbili unayakoleza.

Madirisha yafungue, isipokuwa siku ambazo upepo unaleta moshi kwenu au unaona vumbi limetanda. Kinachonipa wasiwasi kwenye hewa ya kilomita sita ni vumbi laini sana, lile lenye kipenyo kisichozidi mikroni 2.5 (mikroni ni milimita iliyogawanywa kwa elfu), ambalo huingia hadi kwenye damu na huhusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. WHO inashauri lisizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Kama kuna kituo cha kupima hewa karibu, tafuta namba hiyo, na ndiyo itakayoamua kama mnahama. Kwa sababu ya zebaki peke yake, nisingewahamisha.

Wala msidhani hakuna linalowezekana pale mtamboni. Unga wa mkaa maalumu unaonyonya gesi hupulizwa kwenye moshi kabla ya vichujio. Bromini ikiongezwa, zebaki ngumu kukamatika hugeuka kuwa ile inayoyeyuka. Mashine ya kuosha salfa huimalizia. Huko Marekani, zebaki ya mitambo ya umeme ilishuka kwa asilimia 86 kati ya 2010 na 2017, vichujio hivyo na kufungwa kwa mitambo mizee vikisaidiana. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, unazitaka nchi wanachama kudhibiti mitambo hii, ile mipya kwa teknolojia bora iliyopo. Mumeo anaweza kuuliza kitu kimoja akiwa kazini: majivu yanapelekwa wapi? Yakichanganywa kwenye saruji iliyokwisha kuiva, zebaki hutulia humo. Yakiingizwa kwenye tanuri la kiwanda cha saruji kama malighafi, joto la nyuzi 1,450 huirusha tena angani, na kazi yote ya kichujio inakuwa imehamishwa bomba tu.

Kuhusu miiba ya watoto: samaki wadogo wakipikwa kwa moto mdogo muda mrefu, na siki au ndimu kidogo, miiba hulainika ikatafunika, na wewe unapata kalsiamu ya mimba humohumo. Sadini wa kopo wameshalainishwa tayari.